Tetekuwanga Wiki ya Kuhama

Fundi vioo alikuwa juu ya ngazi, anatia kioo kipya kwenye dirisha la duka la viatu, alipoanza kuwashwa kwapani. Akajikuna, akaendelea kubandika puti ya kushikilia kioo. Punde akawashwa mgongoni, kisha tumboni, na alipofungua vifungo vya shati kuchungulia, akaona vipele vyenye maji vimetapakaa kifuani kama matone ya mvua kwenye dirisha. Akafunga shati upesi, kana kwamba vipele visipoonekana vitaghairi. Wiki ile hakuwa na nafasi ya kuugua. Jumamosi walikuwa wanahama.

Na kuhama kwenyewe hakukuwa kwa kubeba godoro kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Tangu waoane, yeye na mkewe walikuwa wamepanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, mahali ambapo ukitaka kumnong'oneza mwenzako siri sharti upige kelele. Wanao wawili wa kiume walikulia humo mpaka walipokwenda shule ya bweni, na hadi leo wakija likizo huongea kama watu walio kando ya kinu. Sasa walikuwa wamepata nyumba yao wenyewe, nyumba nzima iliyokaa chini, vyumba vitatu na ukumbi, mwisho wa mtaa mtulivu nyuma ya kiwanda cha mbao. Vioo vya madirisha yote fundi alivikata na kuvitia mwenyewe. Kazi ilipokwisha aliendelea kupita pale jioni bila sababu yoyote, akiizunguka nyumba huku na huku kama kijana aliyeposa na bado hajaruhusiwa kuingia. Mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa mikate, naye alikuwa na kiherehere kisichopungua chake. Alikwisha kufunga vyombo mapema mno, hata wakawa wanakoroga chai kwa kijiko kimoja, kwa zamu.

Daktari wa zahanati hakuhitaji hata kumgusa.

"Tetekuwanga," alisema. "Hukuugua utotoni?"

"Wanangu waliugua. Mimi ulinipita."

"Haukukupita, ulikuwa njiani. Umefanya kazi wapi hivi karibuni?"

Fundi akakumbuka shule ya chekechea, madirisha manane yaliyovunjwa kwa mpira, na watoto walioning'inia kwenye ngazi yake kutwa nzima wakimuuliza maswali. Daktari akacheka puani. Kisha akampa masharti: akae ndani, apake dawa, asijikune, asimkaribie mtu asiyewahi kuugua ugonjwa huo, na hasa mama mjamzito, mpaka kila lengelenge likauke na kufanya kigaga.

"Na Jumamosi, daktari? Tunahama."

Daktari akatazama shingo yake kwa makini. "Hilo waulize wao," akasema, akionyesha vipele.

Mkewe aliposikia alicheka mpaka akakalia boksi la sahani. Yeye aliugua akiwa mdogo, hakuwa na hofu. Ila kicheko kilimkatika alipokumbuka wabebaji. Mafundi wawili waliokuwa waje kusaidia, mmoja mkewe alikuwa na mimba kubwa, na wa pili hakuwahi kuugua tetekuwanga maishani mwake, na alipopigiwa simu alisikika akirudi nyuma, kana kwamba ugonjwa ungeweza kupita kwenye waya. Kuahirisha hakukuwezekana, kwa maana mpangaji mpya alikuwa anaingia Jumapili.

"Tutahama," mkewe alisema. "Nampigia mama. Naye aliugua zamani."

Fundi akajifunika shuka hadi kichwani.

Si kwamba aligombana na mama mkwe wake. Ugomvi ungehitaji maneno, na wao hawakuwa nayo. Mama huyo alikuwa mpiga chapa wa mahakama, mstaafu. Maisha yake yote alichapa yaliyosemwa na wengine, na ilionekana kwamba alipostaafu aliamua kutoongeza neno lolote duniani pasipo lazima. Tangu siku ya harusi, mazungumzo yake na mkwewe yalikuwa ni yale yale. "Shikamoo, mama." "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo." Kisha kila mmoja huutazama ukuta wake. Fundi alimheshimu, na kwa siri alimwogopa, jinsi mtu asiye na kosa anavyoogopa kuitwa mbele ya korti.

Mama aliwasili siku iliyofuata, na begi moja na kitabu kinene alichokivika jalada la gazeti. Alisalimiwa kutoka nyuma ya pazia la chumba cha kulala, akaitikia, akavuta kiti chake ukumbini karibu na mlango wa chumba hicho, mahali ambapo angeweza kupitisha kikombe cha chai chini ya pazia bila kumwona mkwewe kifua wazi. Kisha akaanza kufunga vitu. Alifunga kama alivyokuwa akichapa, bila haraka na bila kosa.

Ndani, fundi alikuwa taabani. Homa ilimpanda, vipele vikamvamia hadi kwenye kope na kwenye ulimi. Mkewe alimpaka dawa ya rangi ya waridi mwili mzima, akamvisha soksi mikononi asijikune. "Ungejiona," alimwambia, akiondoka kwenda kazini, "ungejikata bei." Lakini kilichomtesa zaidi ya muwasho ni kukaa kitako. Nyumba inamsubiri, madirisha yanamsubiri, naye amelala kama gunia. Akili ilikwenda mbio: kabati litapita mlangoni? Kitanda kielekee wapi? Kila akifumba macho alijiona akifungua mlango mpya.

Siku ya pili, kwa kukosa la kufanya, aliomba jambo.

"Mke wangu, kile kioo kikubwa cha kujitazamia kiegemeze ukutani pale, mkabala na mlango. Kushoto kidogo. Kiinamishe. Kidogo tena. Hapo."

Akanyanyua pembe ya pazia kwa mguu, na tazama, televisheni ya ukumbini ikatokea ndani ya kioo, yote, pembe kwa pembe, ila imegeuka. Mkewe akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mchana huo ilikuwa zamu ya tamthilia. Fundi siku zote alisema tamthilia ni za watu wasio na kazi, na sasa hakuwa na kazi. Ilihusu hoteli kubwa ya kando ya ziwa, mjane aliyeirithi, mashemeji walioitamani, na mtu aliyekuwa akimtilia mjane dawa kwenye chai ili apoteze kumbukumbu. Kabla nusu saa haijapita, fundi alikuwa amejiinua kwa kiwiko, muwasho ameusahau. Upande wa pili wa pazia alisikia kiti kikilia. Mama mkwe naye alikuwa ameacha kufunga.

Wakili wa familia alipoinua kijiko, fundi hakuweza kujizuia. "Ni huyo wakili," alisema. "Aliyetia dawa alikoroga kwa mkono wa kushoto, wamesema hapo mwanzo. Na huyu ni mashoto."

Akajuta. Kisha sauti ikatoka ukumbini, kavu, ya taratibu.

"Ni wa kulia. Wewe unamwona kwenye kioo."

Fundi alifikiri kidogo, halafu akacheka hadi vipele vikamuuma. Na kutoka nje ya pazia, kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimsikia mama mkwe wake akicheka pia, kicheko kifupi kama kikohozi.

"Lakini hoja yenyewe haikuwa mbaya," mama akaongeza.

Kuanzia hapo ulimi ulifunguka. Kesho yake asubuhi, televisheni haina kitu, nyumba imenyamaza, fundi alisikia kurasa zikifunguliwa, moja baada ya nyingine, upesi kuliko kawaida, kisha pumzi ikivutwa.

"Mama, kuna nini humo?"

"Mtu ameuawa."

"Nani kamuua?"

"Ningejua ningekuwa nasoma?"

Macho ya fundi yalikuwa yamevimba, hata maandishi ya chupa ya dawa hakuyaona vizuri. Kuomba asomewe aliona si adabu. Kurasa mbili zikapita. Kisha mama akarudi mwanzo wa kitabu, akakohoa, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma bila kupandisha wala kushusha, na kwa mazoea ya miaka mingi ya kuandika imla, alitaja hata alama. "Tajiri wa mbao alikutwa amekufa katika chumba chake cha kazi, mkato, mlango umefungwa kwa ndani, nukta. Aya mpya." Mwanzoni fundi alibana kicheko. Baadaye hakuzisikia tena nukta wala mikato. Alimwona tajiri chini ya meza, alikiona kioo cha dirisha kilichovunjika na vipande vyake vikimetameta kwenye maua ya nje.

"Simama hapo, mama," alisema. "Vipande viko nje?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi kioo kimevunjwa kutoka ndani. Mtu wa nje akivunja, vipande huingia. Muuaji alikuwa ndani ya nyumba. Na mgeni aliyelala mle usiku ule ni daktari peke yake. Kesi imekwisha."

"Haijaisha. Dada wa marehemu pia alikuwa ndani."

"Dada ana huzuni, mama. Amelia sura nzima."

"Amejibu maswali ambayo hajaulizwa," mama alisema. "Walio hivyo nimewachapa wengi."

Wakabishana. Fundi alitetea kioo chake kwa nguvu zote za ufundi wake, mama akamshikilia dada wa marehemu, na chai ikapoa chini ya pazia. Mke aliporudi kutoka kazini, unga ungali kwenye nywele, alisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mnazungumza?" aliuliza.

"Tunafanya kazi," mama yake alimjibu. "Funga mlango."

Siku zikaenda mbio. Nyumba ilizidi kupungua: mapazia ya madirisha, sufuria, picha za ukutani, kila kitu kilimezwa na maboksi, na sauti ya mama ikaanza kuwa na mwangwi. Fundi alielekeza kufunga vioo akiwa kitandani. Jioni watatu hao walikula mkate na supu, mmoja ndani, wawili nje, wakizungumzia nyumba mpya. Nani atapata chumba cha kaskazini, meza ikae chini ya dirisha gani, kama jirani ana mbwa. Mke alikuwa akianza sentensi moja na kumaliza nyingine kwa furaha. Kila asubuhi alimkagua mumewe kwa tochi, akimgeuza kama nyanya za sokoni. "Hiki kimekauka. Hiki kimekauka. Hiki bado." Hesabu ya vilivyobaki ilikuwa inashuka vizuri, nao wakaanza kuamini.

Ijumaa, nyuma ya sikio, kikazuka kimoja kipya, kimejaa maji, kinang'aa.

"Mshenzi," mke alikiambia.

Na kana kwamba hilo halikutosha, adhuhuri alikuja dereva wa pikapu kuchukua shehena ya kwanza. Watu walimwita Breki kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiitumia. Alikuwa mtu wa kufaa siku ile, kwa maana pua yake ilijaa makovu ya tetekuwanga ya utotoni. Akabeba friji, akabeba kabati, kisha akainama kuibeba televisheni.

"Hiyo iache," walisema mama mkwe na mkwe kwa pamoja.

Mke akawatazama, mmoja ukumbini, mwingine kichwa kimechomoza kwenye pazia, kimepakwa dawa ya waridi.

"Leo ndiyo tamati," fundi alieleza.

"Tamati ya nini?"

"Ya hoteli," mama yake akasema.

"Mimi nahamisha nyumba, sihamishi hoteli. Breki, beba."

Televisheni ikashuka ngazi. Saa ya tamthilia ilipokaribia, fundi alitazama kioo, akaona ukuta mtupu. Hapo mama mkwe, ambaye hakuwahi kubisha hodi kwa mtu bila kualikwa, alitoka, akagonga mlango wa jirani wa ng'ambo ya ngazi, akasalimia, akaeleza kwamba ana mgonjwa asiye na televisheni. Jirani akampa kiti. Mama akakiweka kizingitini kwa jirani, milango yote miwili wazi, akaanza kutoa taarifa kwa sauti iliyofika hadi chumbani.

"Mjane anaingia. Amekumbuka jina lake. Shemeji mkubwa anasimama. Wakili analia."

"Anafuta machozi kwa mkono gani?" fundi akauliza kutoka kitandani.

"Wa kulia. Nilikwambia."

Aliyetia dawa alikuwa mpokea wageni wa hoteli, mtu ambaye hakuna aliyemshuku. Wote wawili walikosa, na jirani pia, na walilijadili kupitia milango hiyo mpaka mke akaja kumwita mama yake arudi kufunga maboksi.

Jumamosi asubuhi fundi alimpigia daktari. Kipele kimoja, alieleza, na kipya, na kiko mahali pa kujificha. Daktari akasema kifunikwe kwa bandeji, mgonjwa asikae na watu mahali palipofungwa, hewa iwe ya wazi, na wanaomgusa wawe wale waliokwisha kuugua. Mke alikuwa ametangulia na shehena ya alfajiri kwenda kupokea vitu. Zilibaki godoro, kioo kikubwa, kiti cha mikono alichokalia mama, na fundi mwenyewe.

"Wewe nyuma," Breki alisema. "Mama mbele na mimi."

Fundi akapanda, akaketi kwenye godoro, akakikumbatia kioo chake. Mara akaona begi linapita juu ya ubao wa pikapu, likifuatwa na kiti, kisha mama mkwe mwenyewe, ameshika kitambaa cha kichwa kwa mkono mmoja na kitabu kwa mwingine.

"Mama, vumbi huku."

"Zimebaki sura mbili," alisema. "Funga hiyo kamba vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza kukaa ana kwa ana tangu augue. Mama alimwangalia usoni, vigaga juu ya vigaga, dawa imechoreka mistari kwa jasho. "Pole, mwanangu," akasema. Kisha akafungua kitabu.

Breki akang'oa gari. Karakana, ngazi, dirisha la ghorofa ya tatu, vyote vikarudi nyuma kabla fundi hajapata wasaa wa kuviaga, na hakusikitika hata kidogo, kwa maana mama alikuwa ameanza kusoma, na upelelezi ulikuwa umefika sebuleni kwa marehemu, watuhumiwa wote wameketi. Upepo ulipindua kurasa, mama akazibana kwa goti. Gari liliruka tuta, akashikilia kiti, hakuacha neno. Na fundi akatambua kwamba hasomi tena kwa sauti ile ya mahakamani. Nukta zilikuwa zimekwisha. Alikuwa akipandisha, akishusha, anampa mpelelezi sauti yake na daktari yake.

Kwenye njia panda walikwama katika msongamano. Kando yao alikuwa mwendesha baiskeli aliyebeba trei za mayai hadi kichwani. Alisikia kidogo, akageuza shingo. Magari yaliposogea, naye akasogea, mkono mmoja ubaoni.

"'Mtu mmoja chumbani humu," mama alisoma, "alijua kwamba marehemu hanywi maziwa.' Mpelelezi akageuka polepole."

"Daktari," fundi alisema.

"Akamtazama dada."

Fundi alipiga godoro kwa ngumi, vumbi likatimka. "Na kioo je? Soma pa kioo."

Mama akasoma pa kioo. Kilivunjwa asubuhi ile, na marehemu mwenyewe, aliporusha chombo cha maua kwa hasira za kawaida. Hakikuhusiana na kifo hata chembe.

"Kioo kizima kivunjwe bure?" fundi alisema. Alikuwa amechukia kwa dhati. "Huyu mwandishi hajui kioo kina kazi gani."

"Hata mimi nilimshuku dada," alisema mtu wa mayai, aliyekuwa amesikiliza kurasa mbili tu, na akakata kona na mayai yake.

Mama mkwe alikifunga kitabu akakiweka mapajani. Hakusema "nilikwambia". Alitazama tu mbele, upepo usoni, na midomo ilikuwa ikimcheza.

Mke aliwasubiri kwenye kizingiti, mikono kiunoni, miguu pekupeku. "Karibuni kwenu," alisema, kisha akageuka kumkemea Breki kuhusu kioo. Fundi hakuruhusiwa kubeba kitu. Basi akawa anatembea. Aliingia ukumbini, mwanga wa saa nne umelala sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Akaingia jikoni, akafungua bomba, akalifunga, akalifungua tena. Alifungua kila mlango na kuufunga, ili tu asikie jinsi nyumba ilivyonyamaza baada yake. Aligundua kwamba anapiga kelele kumwita mkewe aliye hatua mbili kando yake, na mkewe anamjibu kwa kelele vilevile, wakaachia hapo, wakacheka. Jioni walikula mkate juu ya maboksi. Mke alisinzia kipande mkononi, tabasamu bado lipo.

Jumapili asubuhi kipele cha sikioni kilikuwa kimekauka. Mke alikikagua mara mbili kwa tochi, ingawa jua lilikuwa limejaa chumbani, kisha akamvua mumewe soksi za mikononi. Fundi akaenda jikoni. Mama mkwe alikwisha kuamka, begi lake liko mlangoni, basi la kurudi kwake lilikuwa la asubuhi hiyo. Walikaa meza moja, bila pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umelala?"

"Sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiri. Yule daktari alijua."

Mama akashusha kikombe. "Alijua nini?"

"Kwamba ni dada. Alijua tangu sura ya nne, akanyamaza."

"Thibitisha."

Fundi akaanza kuthibitisha. Alichukua kopo la chumvi likawa daktari, kijiko kikawa dada, sahani ikawa chumba cha kazi. Mama akakihamisha kijiko, akasema dada hakuweza kupita pale bila kuonwa na mtunza bustani. Ni nani basi mtunza bustani? Wakatafuta kitu cha kuwa mtunza bustani. Mke alipoingia, meza yote ilikuwa watuhumiwa.

"Mama, basi lako," alisema. "Saa ya basi lako imepita zamani."

Mama alitazama saa ya ukutani, ambayo bado ilikuwa sakafuni, imeegemezwa kwenye boksi. Akatazama begi lake mlangoni. Akanyoosha mkono, akakisogeza kijiko karibu na sahani.

"Haya," alimwambia mkwewe. "Tuseme daktari alijua. Alimwona akiwa wapi?"